Neno Chini ya Myombo

Mimi ni mwanamke mwenye mdomo. Naanza na hilo ili msije mkanionea huruma mapema. Katika mtaa wetu hapa Mpanda, watoto wakivunja kitu uani kwangu huanza kusukumana nani aje kuniambia, maana wanajua hawatachapwa ila watasemwa mpaka jua lizame. Kwa hiyo yaliyonipata na ule mti hayakutokana na kukosa la kusema. Niliombwa neno mara tatu, mchana kweupe, mbele ya jirani na mpangaji, nikajibu kwamba sina.

Mti wenyewe ulikuwa myombo. Marehemu mume wangu alipokinunua kiwanja hiki sehemu yote ilikuwa bado pori, akafyeka kila kitu akaubakiza huo mmoja nyuma ya nyumba kwa ajili ya kivuli. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu wawili wakiukumbatia wanagusana vidole kwa shida. Juu kidogo, pale shina linapogawanyika panda mbili, kulikuwa na tundu na ndani yake nyuki wakali. Tuliishi nao vizuri kwa kuwa hatukuwa na sababu ya kwenda huko juu.

Kiangazi cha mwaka huo nilitaka kuchimba shimo la choo kwa ajili ya wapangaji. Wachimbaji wangu wawili walipofika kimo cha kiuno wakakutana na mizizi mitatu minene kama paja la mtu mzima, inatoka kwenye myombo inapita katikati ya shimo. Mmoja wao akatoka nje, akajifuta jasho, akaniambia, "Mama, tuhamie pale pembeni. Hii ndiyo inaushika mti." Pembeni alikonionyesha ni chini ya dirisha la jiko langu. Nikamwambia sikumwita anisomee miti, nimemwita achimbe. Wakaenda kuazima shoka. Mizizi ile ilikatwa siku mbili, na kila nilipokuwa nikipita na ndoo yangu ya maji nilikuwa nikiwahimiza.

Shimo likaisha, likafunikwa kwa zege, kisha nikaishiwa simenti kabla ya kuinua kuta. Nikapanga matofali juu ya mfuniko, nikayafunika kwa turubai, nikasubiri mwaka mwingine.

Mvua za kwanza ndizo zilizoanza kuniumbua. Asubuhi iliyofuata dhoruba moja ya mchana, jirani yangu aliniita kutoka upande wa pili wa uzio wetu wa minyaa. Ni mwanamke tunayelingana umri, wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia Katumba, na kwa kuwa sote ni Wakatoliki wa jumuiya moja tumezoeana kwa sala na kwa ugomvi. Alikuwa amesimama ameshika kiuno, anatazama juu.

"Dada, mti wako unanichungulia," akasema.

Nikacheka. Kisha nikatazama, na kicheko kikanikauka mdomoni. Myombo ulikuwa umelalia upande wake. Tawi kubwa lililokuwa likipita juu kabisa ya paa lake sasa lilikuwa karibu kiasi cha kugusa mabati, na chini ya mabati hayo ndicho chumba alichokuwa akilala mkaza mwana wake aliyetoka kujifungua. Mtoto hakuwa na hata wiki mbili.

"Umefanyaje huu mti?" akaniuliza.

"Upepo," nikamjibu. "Kwani jana hukuusikia?"

Nasema kweli, neno hilo lilinitoka lenyewe, bila hata kufikiri. Baadaye ndipo nilipokaa jikoni nikaanza kufikiri, na nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nimejibu vizuri. Mti ukiangushwa na upepo ni kazi ya Mungu. Mti ukiangukia nyumba ya mtu kwa sababu wewe umeukata mizizi, hiyo ni kesi. Na mimi ndiye kiongozi wa jumuiya, ndiye ninayesimama mbele kuwaambia wenzangu waungame kabla ya Pasaka.

Kesho yake nikaenda kwa mtendaji wa mtaa kuomba kibali cha kuukata. Akaniuliza sababu, nikamwambia upepo. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba mti tajwa umeinamishwa na upepo mkali na unahatarisha maisha ya watu, akagonga muhuri. Nikatembea kurudi nyumbani na ile karatasi kwenye mkoba, na hadi ninafika mlangoni nilikuwa nimeanza kuamini kilichoandikwa. Muhuri una nguvu hiyo.

Kumpata wa kuukata ndiyo ilikuwa shughuli. Vijana wenye mashoka walikuwapo wengi, wengine walikuja bila kuitwa, lakini kila mmoja alipotazama paa la jirani alikumbuka ana kazi mahali pengine. Fundi mmoja mwenye msumeno wa mashine alikuja, akatazama tundu la nyuki, akaniambia huo si mti wake. Kila jioni mawingu yalipokusanyika, jirani alikuwa akimhamisha mkaza mwana na kichanga kwenda kulala sebuleni, na mimi nilikuwa nikisikia kitanda kinavyoburutwa sakafuni. Nilikuwa nakasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kuburuta kitanda, nikawakasirikia mafundi kwa uoga wao, nikamkasirikia hata marehemu kwa kuubakiza huo mti. Kila mtu alipata fungu lake isipokuwa mimi.

Mwishowe mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, akaniambia kuna watu wawili wanaofanya kazi hiyo ya miti mikubwa ya majumbani, na waliwahi kuushusha mti uliokuwa umesimama katikati ya nyumba mbili bila kuvunja hata kigae. Nikawapigia simu. Wakaja kwanza kuuchunguza tu, jambo ambalo wengine wote hawakulifanya.

Mkubwa wao, mwenye mashine, alikuwa mzee kidogo, mpole, amevaa kofia ngumu ya njano iliyopauka. Mwenzake alikuwa ndiye mpandaji. Huyo alikuwa mwembamba, mtu wa upande wa Sibwesa, na kabla ya kazi ya miti alikuwa mrina asali kama baba yake na babu yake. Yule mkubwa, fundi mwenyewe, aliuzunguka mti mara kadhaa. Aligonga shina kwa ubapa wa panga, akatega sikio, akagonga tena juu kidogo. Alichimbua udongo kwa kisigino. Kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Mama, upande huu wa kwako ndio tunaoutegemea," akasema. "Mti umelalia kule, kwa hiyo mizizi ya huku ndiyo inayouvuta usiende. Ikiwa mizima, mwenzangu anapanda kesho, anaanza kupunguza matawi ya juu ya nyumba ya jirani, tunashuka nao taratibu. Hapajawahi kuchimbwa kitu huku?"

"Hapajachimbwa kitu."

"Na haya matofali?"

"Ya banda la kuku."

Akatikisa kichwa kukubali, akaomba kusoma kibali. Akakisoma hadi mwisho, pamoja na tarehe. "Upepo," akasema, akanirudishia. Mpandaji alikuwa amechuchumaa kwenye turubai langu, mkono wake juu ya matofali, anatazama mti.

Mngeniuliza usiku ule kama nilikuwa ninajua ninachofanya, ningewaambia sijui habari za miti. Hilo nalo lingekuwa uongo. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu: mizizi ya huku ndiyo inayouvuta. Lakini nilijiambia kwamba mti umekaa wiki nzima bila kuanguka, kwa hiyo utakaa siku moja zaidi. Nilijiambia wale ni mafundi, kama kuna hatari wataiona wenyewe. Nikalala, na usingizi ukaja.

Walifika alfajiri kukiwa bado na ubaridi, kwa sababu ya nyuki. Mpandaji alipanda hadi kwenye tundu akiwa na kibumba cha majani makavu kinachofuka moshi, akawatuliza, akatoa masega akayashusha kwa ndoo, na nyuki wengi wakahamia kwenye mzinga aliokuja nao. Kazi hiyo aliifanya polepole bila kuvaa hata glavu. Alikuwa ameegemea shina lile na ningesema alikuwa akizungumza nalo. Mti haukutikisika. Nilipoona hivyo moyo wangu ukatulia kabisa.

Kulipopambazuka vizuri jirani aliwatoa watu wake wote nje ya nyumba, mkaza mwana na kichanga wakapelekwa kwa ndugu mtaa wa pili. Yeye mwenyewe akaja kwangu kutazama. Mwalimu alikuwapo, hakuwa na kipindi asubuhi hiyo. Fundi akafunga kamba nene kwenye panda ya mti, mwisho wake akaulaza uani kwangu kwa ajili ya kuvutia shina baadaye. Mpandaji akavaa mkanda wake, akaweka msumeno wa mkono kiunoni. Halafu, badala ya kupanda, akaketi chini kwenye shina na kunyoosha miguu.

"Nyie wenye nyumba na majirani," akasema, "kwetu sisi warina asali hatupandi mti ambao chini yake kuna neno. Nyuki nimewatoa kwa sababu nyuki hawana ugomvi na mtu. Sasa naenda kujifunga kwenye mti wenyewe. Mwenye neno alitoe. Dogo, kubwa, lolote."

Fundi alivua kofia yake. Nilielewa kwamba jambo hilo wanalifanya kila mara, na kwamba mwenye mashine hana ruhusa ya kuwasha mashine hadi liishe.

Jirani yangu akakohoa. "Mimi ninalo," akasema. "Tangu huu mti uiname nimekuwa nikimwaga maji machafu kwenye mchicha wa huyu dada. Kwa makusudi. Nilikuwa na hasira naye."

Mchicha wangu ulikuwa umenyauka nikadhani ni wadudu. Wakati mwingine wowote ningeanza kusema hapo hapo nisinyamaze hadi jioni. Nikamwambia nimesamehe, kwa sauti ya kanisani.

Mwalimu akasema yeye amekuwa akichaji simu za wenzake watatu kwa umeme wangu. Watu wakacheka. Fundi naye akasema amemjibu mkewe vibaya asubuhi, akatoa simu pale pale akampigia kumwomba radhi, na tukamsikia mwanamke huyo akimuuliza kama amelewa.

"Na wewe mama?" mpandaji akauliza.

"Sina neno," nikasema.

Akatazama matofali. Akanitazama. "Mama mwenye mti, huna neno?"

"Ningekuwa nalo ningesema. Kila mtu hapa anajua mdomo wangu."

Wakacheka tena, na jirani akathibitisha kwamba hilo ni kweli tupu. Mpandaji hakucheka. Akainuka, akajipangusa makalio, akaniuliza kwa mara ya tatu kwa upole kabisa, na kwa mara ya tatu nikamwambia sina. Basi akapanda.

Alikwenda juu kupita panda, akajifunga mkanda kuzunguka tawi kubwa la upande wa jirani, akaanza na matawi madogo ya nchani. Alikuwa anakata, anayafunga kwa kamba nyembamba, anayashusha, na fundi anayapokea chini. Kazi ilikwenda vizuri. Jirani alisogea karibu na uzio akihesabu mabati ambayo hayajabonyea. Mwalimu alikuwa anaburuta matawi. Mimi nilisimama kando ya matofali, mahali nilipojiambia kwamba ndipo penye kivuli.

Upepo mdogo ukapita, wa kawaida tu. Nikahisi kitu chini ya kandambili yangu. Ardhi iliinuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala, ikashuka. Nikatazama chini. Kutoka kwenye ukingo wa turubai kulikuwa na ufa umekwenda moja kwa moja hadi karibu na shina, mwembamba, wa upana wa kidole cha mtoto. Upepo ulipopita tena ufa ukafunguka, nikaona udongo mweusi wa ndani. Upepo ulipotulia ukafumba.

Hapa ndipo ninapotaka kwenda polepole, kwa sababu nimelisimulia jambo hili mara nyingi na kila mara huwa napita hapa kwa haraka.

Nilitazama kama kuna mwingine aliyeona. Fundi alikuwa amenipa mgongo. Jirani alikuwa kwenye uzio. Nikanyanyua mguu wangu, nikauweka juu ya ufa, nikakanyaga. Nilifanya hivyo mtu akiwa juu ya kichwa changu amejifunga kwenye mti huo kwa mkanda. Kisha nikaanza kusali Salamu Maria. Nilisali badala ya kusema. Niliisali yote, sikuruka hata neno, na chini ya kandambili yangu ardhi ilikuwa ikiinuka na kushuka, na mimi nilikuwa nikiikandamiza kama mtu anayefunika sufuria linalofoka. Nilichokuwa nikikiomba nakikumbuka vizuri. Sikuomba yule mtu ashuke salama. Niliomba amalize haraka.

Tofali moja likateleza kutoka juu ya rundo, likaanguka miguuni pangu. Halafu la pili.

"Mizizi imekatwa," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena kwa nguvu na safari hii wote wakageuka. "Mizizi ya huku imekatwa. Nilichimba choo. Chini ya haya matofali kuna shimo, na mizizi yote mitatu niliikata mimi."

Fundi hakunifokea. Alitazama ufa, alitazama juu, na uso wake ukabadilika rangi kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Alimwita mwenzake kwa sauti ya chini, ya kawaida, akamwambia, "Usisogee. Usikate. Kaa ulivyo." Kisha akaokota ile kamba nene iliyolala uani, akakimbia nayo hadi kwenye mwarobaini ulioko karibu na geti langu, akaizungusha mara tatu, akatuita sote kwa mkono.

Tulivuta. Mimi, jirani, mwalimu, na bodaboda mmoja aliyekuwa akipita njiani akaacha pikipiki yake ikiunguruma. Kila tulipovuta fundi alikuwa akikaza mzunguko mmoja kwenye mwarobaini. Jirani alikuwa mbele yangu na nilikuwa nikitazama mgongo wake. Hakugeuka kunitazama. Kamba ilinichubua viganja na niliyafurahia yale maumivu, nilitaka iniume zaidi. Upepo ukaja tena, kamba ikanyooka ikalia, mti ukalia, na mimi nikafumba macho nikisubiri kishindo.

Hakikuja. Mwarobaini ulishika. Fundi alifunga fundo, akalijaribu kwa uzito wake, akaongeza kamba ya pili. Ndipo akamwambia mpandaji ashuke. Naye alishuka kama mzazi anavyoondoka kitandani penye mtoto aliyepitiwa na usingizi kwa taabu, mguu mmoja, kisha mapumziko, kisha mwingine. Alipogusa ardhi, alitembea hatua nyingi mbali na mti kabla hajafungua mkanda. Akaomba maji. Kikombe alikirudisha kikiwa bado kimejaa.

Jirani yangu ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo wiki nzima," akaanza, "mjukuu wangu alikuwa..." Hakumaliza. Alisema kitu kwa Kirundi, kwa sauti ndogo, sikuuliza maana yake. Nilipiga magoti mbele yake pale pale kwenye matope. Nikamwambia yote, kuanzia wachimbaji hadi mtendaji. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niinuke ninachafua kitenge, akaenda kwake.

Fundi alikataa kuendelea siku hiyo. Aliniambia kwanza niende nikabadilishe maneno ya kibali, kwa kuwa yeye hafanyi kazi kwa karatasi inayosema uongo. Nikaenda. Mtendaji alichukua karatasi nyingine, na safari hii kila sentensi alinisomea kwanza ndipo akaiandika. Sijawahi kuona aibu kama ile, na mimi nimezaa hospitali mbele ya wanafunzi wa uuguzi.

Kesho yake walikuja na trekta la mkulima mmoja wa mpunga, wakafunga kamba mbili zaidi. Mpandaji akapanda tena. Mti ule ule, akijua sasa kilichoko chini yake. Nilishindwa kutazama nikaenda jikoni, kisha nikaona kujificha jikoni ni uongo mwingine, nikarudi nikasimama uani hadi mwisho. Alimaliza matawi yote ya upande wa jirani kabla ya saa sita. Mchana walilivuta shina kwa trekta likaangukia uani kwangu, likavunja jiko la nje na kamba za kuanikia nguo, na mfuniko wa zege ukang'oka ukasimama wima. Wote tukaenda kutazama ndani. Ncha za mizizi zilikuwa bado nyeupe, na alama za shoka zinaonekana moja moja.

Watu walikuwa wamejaa wakati huo, maana trekta likiingia mtaani hakuna anayebaki ndani. Na hapo ndipo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Wakaanza kunisifu. Mwalimu aliwaeleza jinsi nilivyopaza sauti, jinsi nilivyojitoa mbele za watu bila kujali aibu. Mama mmoja wa jumuiya akasema mwingine angenyamaza. Hata fundi, akiwa anafuta mashine yake, akaniambia, "Bora ulisema, mama. Ulisema kwa wakati." Jirani yangu alikuwa amekuja na sahani ya maharage kwa ajili ya mafundi, akaniwekea na mimi, bila kunisemesha lakini akaniwekea. Nikala. Nilikuwa na njaa, na sifa ni tamu, na hadi nakula nusu ya sahani nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa kweli.

Mpandaji alikuwa akifunga kamba zake nyuma ya bodaboda. Nikamfuata hadi getini. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye Mungu ndani yake. Nilipoanza tu akanikatiza.

"Mama, kule juu mtu anaona vizuri," akasema. Alikuwa anakaza mpira wa kufungia mzigo, hanitazami. "Nilikuona ulipoweka mguu."

Nikashika nguzo ya geti.

"Niliona ulivyotazama huku na huku, ukakanyaga. Nikajua kuna kitu. Nikaacha kukata. Ningeshuka haraka ningeutikisa, ningepiga kelele wale wangekimbia kuja pale chini. Nikasema moyoni, ngoja nikae kimya, huyu mama atasema. Nikajishikilia nikawa nasubiri."

"Na kama nisingesema?" nikamuuliza.

Akapanda nyuma ya pikipiki, akaiweka ndoo ya asali katikati ya magoti yake. "Hilo mimi sijui, mama," akasema. "Unajua wewe."

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba ningesema, kwamba nilikuwa karibu kusema hata kabla ya lile tofali. Dereva alikuwa anasubiri, amenigeukia, amezima na pikipiki ili asikie. Wote wawili walinisubiri kwa adabu kabisa. Nilisimama pale hadi dereva akachoka, akaiwasha, wakaondoka.